Mstari wa monosaiti katika majibu ya damu

Katika karatasi ya majibu ya picha kamili ya damu, ambayo wengi hapa Tanga huiita kwa herufi zake tatu tu, FBP, hakuna mstari unaoniletea maswali mengi kama ule wa monosaiti. Wingi wa damu watu wameshauzoea, na chembe nyeupe kwa jumla wanajua kwamba zikipanda huenda kuna vijidudu mwilini, lakini mstari huu ulioandikwa MON au MONO, wenye herufi H, yaani juu ya kiwango, pembeni yake, huwafanya watu waipige picha karatasi wakiwa bado wamekaa kwenye benchi la hospitali na kuituma kwenye simu yangu kabla hata hawajaingia kwa daktari. Mimi ni mteknolojia wa maabara, si daktari, na sitibu mtu. Hata hivyo nimeshika damu za watu wa mji huu kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo mmoja, nao ni kwamba asilimia ya monosaiti haifai kusomwa peke yake, na kwamba hofu nyingi ninazoletewa zingekwisha kwa kuzidisha namba mbili tu zilizopo kwenye karatasi ileile.

Monosaiti ni mojawapo ya aina tano za chembe nyeupe zinazoonekana katika damu ya kawaida, nyingine zikiwa ni nutrofili, limfosaiti, eosinofili na basofili. Huzalishwa katika uboho wa mifupa, huingia kwenye damu, na nyingi hukaa humo siku moja hadi tatu tu kabla ya kupenya kuta za mishipa na kuingia katika nyama za mwili, ambako hugeuka kuwa makrofaji, yaani chembe kubwa zinazomeza vijidudu, chembe zilizokufa na mabaki mengine. Kazi hii ya kumeza ilianza kueleweka mwaka 1882, pale mwanabiolojia Ilya Metchnikoff, akiwa mjini Messina, alipodunga miiba katika lava, yaani watoto, wa kiti cha pwani, mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, wale ambao mwili wao unapenyeza mwanga, na kuona chembe zikijikusanya kuuzunguka mwiba. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich, ambaye sisi wa maabara tunamkumbuka zaidi kwa rangi zilizowezesha chembe nyeupe kutofautishwa moja na nyingine.

Jambo la kushika hapa ni kwamba damu kwa monosaiti ni njia ya kupita tu. Tunapochukua damu tunahesabu wasafiri waliokutwa barabarani saa ile, si wakazi wote wa mji, na ndiyo maana idadi yao huweza kupanda na kushuka ndani ya siku moja bila ya mtu kuwa na ugonjwa wowote. Mtu aliyepanda ngazi mbio ili awahi foleni, au aliyeogopa sindano hadi moyo ukamwenda kasi, anaweza kuonyesha chembe nyeupe nyingi kidogo kuliko angekuwa ametulia, kwa kuwa zile zilizokuwa zimeegemea kuta za mishipa husukumwa kuingia katika mkondo wa damu.

Maabara nyingi huandika kiwango cha kawaida cha monosaiti kwa mtu mzima kuwa asilimia 2 hadi 8 au 10 ya chembe nyeupe zote, na kwa idadi halisi kuwa kati ya 0.2 na 0.8, kizio chake kikiwa ni 10⁹ kwa lita. Anayependa kuiona kwa namna nyingine ajue kuwa hizo ni chembe 200 hadi 800 katika mikrolita moja ya damu. Mashine zetu huchapa vyote viwili: MON% ni asilimia, na MON# ni idadi halisi. Hapo ndipo penye shina la mkanganyiko, kwa sababu macho ya mtu hukimbilia asilimia, ilhali kinachojibu swali lake ni ile idadi.

Shangazi yangu wa Makorora alikuja na karatasi yake ameikunja ndani ya kitambaa cha kufutia jasho, akaifungua mezani na kuweka kidole palepale penye H.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Niambie kweli, usinifiche. Hii ni saratani?"

Alikuwa na monosaiti asilimia 13, na mtu mmoja anayesoma mambo kwenye simu alikuwa ameshamwambia kwamba monosaiti zikizidi ni kansa ya damu. Nilimwomba anisomee mstari wa juu kabisa, ule wa WBC, yaani jumla ya chembe nyeupe. Ulikuwa 3.4. Asilimia 13 ya 3.4 ni 0.44, na 0.44 imo katikati ya kiwango cha kawaida, haipo hata karibu na mpaka wa juu. Kisha tulitazama mistari mingine: nutrofili zilikuwa asilimia 38, limfosaiti 45, eosinofili 4. Kilichotokea katika damu yake si kwamba monosaiti zimeongezeka, bali ni kwamba nutrofili ni chache, na kwa kuwa asilimia zote lazima zitimie 100, pengo lililoachwa na nutrofili limegawanywa kwa waliobaki. Monosaiti zake ni zilezile. Fungu lao ndilo lililoonekana kubwa. Alinitazama kwa mashaka kidogo, akaniomba nizidishe tena, nikazidisha tena kwenye kikokotoo cha simu yake mwenyewe.

Wala nutrofili zake chache hazikuwa lazima ziwe ugonjwa. Watu wengi wenye asili ya Afrika huishi na nutrofili pungufu kuliko viwango vilivyochapwa kwenye karatasi, kwa sababu viwango hivyo mara nyingi vilitokana na damu za watu wa Ulaya na Marekani. Sababu kubwa ya tofauti hiyo ni mabadiliko katika jeni ya Duffy, ambayo huzifanya chembe nyekundu zisiwe na alama fulani juu yake. Mabadiliko hayohayo ndiyo yanayofanya malaria aina ya vivax ishindwe kuingia kwa urahisi katika chembe nyekundu zetu, na ndiyo maana aina hiyo ni adimu huku tofauti na sehemu nyingine za dunia. Mtu wa namna hii hupambana na maradhi kama kawaida, isipokuwa kila akipima damu ataambiwa nutrofili ziko chini na limfosaiti na monosaiti ziko juu kwa asilimia. Binafsi naona ni kasoro kubwa kwamba karatasi zetu bado zinatia L (chini) na H (juu) kwa kipimo cha watu wa mbali, na mgonjwa anabaki na wasiwasi ambao chanzo chake ni mpangilio wa mashine.

Hesabu hiyohiyo hufanya kazi pia kwa upande wa pili, na upande huu ndio unaostahili tahadhari zaidi kwa kuwa hauwashtui watu. Chukulia mtu aliyekuja na kikohozi cha wiki kadhaa, amepungua, anatoka jasho usiku, na karatasi yake inaonyesha monosaiti asilimia 9. Hakuna H mbele ya asilimia, kwa hiyo yeye anapumua. Lakini jumla ya chembe zake nyeupe ni 12.6, na asilimia 9 ya 12.6 ni 1.13, idadi iliyovuka mpaka. Monosaiti hizo pekee hazisemi kwamba ana kifua kikuu, wala hakuna daktari makini atakayeanzisha dawa za kifua kikuu kwa kutazama mstari huo. Zinachofanya ni kuungana na kikohozi, jasho na uzito uliopungua katika kusema kwamba makohozi yapimwe leo, si wiki ijayo, na kipimo cha makohozi katika vituo vya serikali hakilipiwi.

Mashine nayo ina mambo yake. Katika zahanati na vituo vingi vya afya, hasa nje ya mji, mashine inayotumika ni ile inayogawa chembe nyeupe katika mafungu matatu badala ya matano. Huziweka chembe katika maji ya kuyeyusha chembe nyekundu, huzipitisha moja moja kwenye tundu dogo lenye umeme, na kuzipanga kwa ukubwa: ndogo huitwa limfosaiti, kubwa huitwa granulosaiti, na zile za katikati huandikwa MID au MXD. Fungu hilo la katikati halina monosaiti peke yake, kwa maana humo huweza kuwemo pia eosinofili, basofili, na hata chembe changa ambazo hazikutakiwa kuonekana katika damu. Nimeona watu wakiitafsiri MID kuwa monosaiti moja kwa moja, na hilo si sahihi. Katika pwani yetu, yenye kichocho, minyoo na matende, eosinofili kupanda si habari ya ajabu, na mtoto mwenye minyoo anaweza kutoka na MID ya juu ilhali monosaiti zake hazina shida yoyote. Mwenye karatasi ya mafungu matatu na mwenye sababu ya kutaka kujua zaidi aombe damu yake ipimwe kwa mashine ya mafungu matano, au itandazwe kwenye kioo na kusomwa kwa darubini.

Kusoma kwa darubini ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na nakiri kwamba hapa huenda ninapendelea. Tone la damu hutandazwa kwenye kioo hadi liwe jembamba kama ukungu upande mmoja, hukaushwa, hutiwa rangi, na kutazamwa kwa lenzi ya mafuta. Monosaiti ndiyo chembe kubwa kuliko zote za damu ya kawaida, yenye upana wa mikromita 12 hadi 20. Kiini chake kimejikunja kwa umbo la figo au kwato, na ute unaokizunguka una rangi ya kijivu iliyochanganyika na samawati, mara nyingi ukiwa na vitundu vidogo ndani yake. Nutrofili iliyo jirani yake huonekana ndogo na yenye kiini kilichokatika vipandevipande. Kwa mgonjwa wa malaria, siku nyingine ndani ya monosaiti huonekana punje za rangi ya kahawia inayokaribia weusi. Punje hizo ni mabaki ya himoglobini ambayo vimelea vya malaria vimeila, na monosaiti imeyameza pamoja na mabaki ya vimelea wenyewe. Huweza kuendelea kuonekana kwa siku kadhaa baada ya mgonjwa kumeza dawa na vimelea kutoweka katika damu, kwa hiyo msomaji mzoefu anaweza kusema kwamba mtu huyu alikuwa na malaria hivi karibuni hata kama kioo hakina kimelea hata kimoja.

Darubini nayo ina mpaka wake. Kwa kawaida mtu huhesabu chembe nyeupe 100 na kuandika asilimia, na katika hesabu ndogo kiasi hicho bahati huingia. Aliyepata monosaiti 8 katika 100 anaweza kwa kweli kuwa na asilimia yoyote kati ya 4 na 15 hivi. Kwa hiyo anayepeleka damu ileile maabara mbili, moja ikaandika 7 na nyingine 11, asidhani kwamba mmoja wa wapimaji ni mzembe. Tena damu iliyokaa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau kutwa nzima katika joto la Tanga, ikisubiri gari au umeme, huharibika umbo la chembe zake, na monosaiti ni miongoni mwa za mwanzo kuonyesha uharibifu huo. Mashine ikizipima hapo huweza kuzichanganya na nyingine.

Sasa tuseme idadi halisi imezidi kweli. Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni maambukizi, au mwili unaopona kutoka katika maambukizi. Watu husahau huu wa kupona. Nutrofili hutangulia mbele siku za mwanzo za homa, na monosaiti hufuata kwa ajili ya kusafisha, hivyo aliyekuwa na homa juma lililopita na sasa anajisikia vizuri anaweza kuwa na monosaiti za juu, nazo kwake ni dalili njema. Baada ya hapo yanakuja maradhi ya kukaa muda mrefu: kifua kikuu nilichokwisha kukitaja, malaria inayojirudia, maambukizi ya ukuta wa ndani wa moyo, kaswende, na bruselosisi, ambayo huwapata watu kutokana na mifugo. Hii ya mwisho ninaitilia mkazo kwa sababu mkoa wetu ni wa wafugaji na wa maziwa, na kuna watu wa Handeni na Kilindi, na wa mjini vilevile, wanaoamini kwamba maziwa yaliyochemshwa yamepoteza nguvu. Mwenye homa inayokuja na kuondoka, maumivu ya viungo na mgongo, ambaye malaria imepimwa mara kwa mara bila kuonekana, amweleze daktari kama anakunywa maziwa mabichi au alisaidia ng'ombe aliyetupa mimba.

Zipo pia sababu zisizo vijidudu, kama maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, ukiwemo lupasi, na uvimbe wa kudumu wa matumbo. Aliyeondolewa bandama huweza kubaki na monosaiti za juu kwa maisha yake. Kwa wajawazito monosaiti hupanda kidogo, watoto wachanga katika majuma ya mwanzo huwa na nyingi kuliko wakubwa, na wavuta sigara nao huwa na chembe nyeupe zilizozidi kidogo. Karatasi ya mtoto mchanga isilinganishwe na kiwango cha mtu mzima. Mashine nyingine huhitaji kuelekezwa umri, na asipoelekeza mtu, hutia H kila mahali.

Kushuka kwa monosaiti hakuna mengi ya kusema. Kukionekana mara moja, pekee, kwa mtu mzima wa afya, kwa kawaida hakufuatiliwi. Dawa za jamii ya prednisoloni na deksamethasoni hushusha monosaiti ndani ya saa chache, na kwa kuwa kuna watu wanaomeza vidonge hivyo kwa ajili ya maumivu au kunenepa bila ya kuandikiwa na yeyote, mpimaji huweza kupata namba ambayo haieleweki mpaka mgonjwa aseme ukweli wa alichomeza. Zikishuka pamoja na aina nyingine zote za chembe, damu ikiwa pungufu na chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikiwa chache, hapo tatizo huweza kuwa katika uboho, na hilo ni la daktari bila kuchelewa.

Narudi kwenye neno saratani, kwa kuwa ndilo linalowaleta watu. Ipo kweli leukemia sugu, yaani saratani ya damu ya muda mrefu, inayohusu monosaiti, na huwapata hasa watu wenye umri mkubwa, wengi wakiwa wamefikisha miaka 70 au kuikaribia. Lakini haitambuliwi kwa karatasi moja. Kwa miaka mingi kigezo kilikuwa monosaiti zifike angalau 1.0, katika uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kilishushwa hadi 0.5, na sharti likabaki kwamba ziwe asilimia 10 au zaidi ya chembe nyeupe, na kwamba hali hiyo idumu. Juu ya hayo hutakiwa ushahidi mwingine wa uboho na wa jeni, na sababu za kawaida kama maambukizi ziwe zimekwisha kuondolewa. Angalieni kwamba hata hapo asilimia haitoshi peke yake, lazima iandamane na idadi.

Kwa hiyo anayekutwa na idadi iliyozidi kidogo, tuseme 0.9 au 1.0, na hana homa, hapungui uzito, hana matezi yaliyovimba wala uzito upande wa kushoto wa tumbo chini ya mbavu, mara nyingi daktari atamwambia arudie kipimo baada ya majuma manne hadi sita. Kurudia kesho yake ni kupoteza fedha. Aliye na mojawapo ya dalili hizo, au ambaye idadi imebaki juu kwa miezi mitatu, au ambaye karatasi yake imetaja chembe changa, aombe rufaa. Kwa watu wa mkoa huu mara nyingi itakuwa Bombo, hospitali ya mkoa, na kutoka Bombo wengine hupelekwa Muhimbili, hospitali ya taifa, kwa vipimo vya uboho.

Anaporudi kupima aende na karatasi ya zamani mkononi, si picha iliyopigwa kwa upande, na ikiwezekana atumie maabara ileile ili mashine iwe moja. Hana haja ya kufunga kula. Amtajie mpimaji dawa zote anazotumia na homa yoyote aliyoipata ndani ya mwezi huo. Na zile karatasi laini zinazotoka kwenye mashine ndogo azitoe nakala mapema, maana maandishi yake hufutika, na akizibandika ukutani dirishani juani hufutika haraka zaidi. Shangazi yangu alikuwa nazo tatu za miaka iliyopita, mbili zimebaki nyeupe kabisa, na ya tatu ilisomeka nusu tu. Katika hiyo nusu WBC ilikuwa 3.6, jambo lililonipa ushahidi mzuri kuliko maelezo yangu yote kwamba hivyo ndivyo damu yake ilivyo siku zote.